Wadudu wa kwenye mawe ya mto: wanagombania nini, na tuwaue au tuwaache?

SWALI: "Assalaamu alaykum mtaalamu. Sisi tupo Pemba upande wa Wete, chini ya mikarafuu yetu kuna mto mdogo unapita mpaka mabonde ya mpunga. Pale pa kuvukia marehemu babu aliweka mawe, na hapo hapo ndo tunafulia na watoto wakitoka skuli wanaoga. Mie nikisubiri nguo huwa nayageuza yale mawe, chini yake nakuta vidudu vya rangi ya udongo vina mikia mitatu vinakimbia mbio. Lakini kuna jiwe moja kubwa la katikati, hilo limejaa vijumba vidogo vya mchanga na pembeni vyengine vina utando kama wa buibui, jiwe lenyewe limekuwa jeupe utasema limesuguliwa na wale wa mikia mitatu hawapo hata mmoja. Siku moja nikaona mdudu anatoka kwenye utando anamng'ata mwenziwe mpaka akachukuliwa na maji. Shemeji yangu anasema wote hao viluwiluwi vya mbu, ana dawa ya kupulizia mboga anataka akaimwage kule juu. Bibi anasema ndio wanaoleta kichocho. Mie nawaonea huruma lakini nna watoto. Wanagombania nini hao, mbona wengine jiwe lile hawalitaki, na tuwaue au tuwaache?"

JIBU: Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Kabla ya yote mwambie shemeji kwa heshima zote hiyo dawa airudishe stoo kwanza, asiimwage, halafu tuzungumze. Nimelisoma swali lako mara kadhaa na naona ndani yake mna khofu mbili na udadisi mmoja, khofu ya mbu, khofu ya kichocho, na wewe mwenyewe ushaona kitu ambacho watu wanapita juu yake kila siku bila ya kukiona, kwamba chini ya yale mawe kuna ugomvi. Umeona sawa, ugomvi upo, na ukiujua unahusu nini utajua pia kwa nini hiyo dawa itakuharibia.

Tuanze na mbu mana hapo ndo shemeji alipopotea. Kiluwiluwi cha mbu hana miguu. Hana hata mmoja, ni kichwa, kifua kinene na mkia unaojipinda pinda, na pumzi yake anaifata juu, wale wa Culex na Aedes wananing'inia kichwa chini wametoa mrija wa mkiani kwenye uso wa maji, na wale wa Anopheles wa malaria wanalala sambamba na uso wa maji. Kwa hiyo mbu anataka maji yaliyotulia, kwenye maji yanayokwenda mbio hawezi kushikilia pale juu, anachukuliwa. Sasa chukua bakuli jeupe, tia maji ya mto kidogo, mtie mmoja wa wale wenye mikia mitatu umwache atulie kisha mtizame kwa karibu. Utaona miguu sita yenye kucha, utaona mikia mitatu myembamba, na ubavuni mwa tumbo huku na huku kuna vijani vidogo vyeupe karibu vya kupenya mwanga, vinapepea, vinasimama, vinapepea tena. Yale ni matamvua, anavuta oksijeni humo humo majini kama samaki, haji juu kabisa. Huyo ni wa jamii ya Ephemeroptera, akishakua anatoka majini ana mbawa, midomo yake haifanyi kazi tena, hali kitu, anaruka siku moja au mbili au hata masaa tu, anataga na anakufa. Hang'ati mtu, hana hata mdomo wa kung'atia. Vijumba vya mchanga na utando ni jamii nyengine, Trichoptera, wakikua wanakuwa kama nondo wadogo, na hao pia hawang'ati.

Mbu wenu wanatoka kwengine. Wa malaria wanapenda vidimbwi vya jua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya udongo, pembeni mwa mabonde ya mpunga, wa mchana wale wenye madoa meupe wapo kwenye madumu, vifuu na matairi, na Culex wanaopiga kelele usiku wanatoka kwenye vyoo vya shimo na makaro. Pale Makunduchi mwaka 1988 walitia chenga za povu jeupe, lile linalofungiwa vitu vya umeme, kwenye mashimo ya vyoo, zikaelea juu zikaziba uso wa maji, mbu wakakosa pa kutagia na pa kuvutia pumzi, na watu walipopewa pamoja na dawa za matende, maradhi yanayoenezwa na Culex hao hao, maambukizi yakashuka sana na yakabaki chini. Hawakugusa kijito wala bwawa, walikwenda pale mbu alipo. Shemeji akiwa na hamu ya kuua mbu, hamu nzuri kabisa hiyo, basi aanze na choo na madumu ya nyumbani.

Kuhusu kichocho bibi yupo karibu na ukweli lakini kamkamata asiyekuwemo. Ugonjwa upo mtoni kweli, ila hauletwi na mdudu mwenye miguu, unapitia kwa konokono. Kichocho chetu Unguja na Pemba ni kile cha mkojo, na konokono anayekibeba ni wa jamii ya Bulinus. Mtu mgonjwa anakojoa majini au karibu na maji, mayai yanapasuka, kijidudu kinaingia kwa konokono, kinazaliana humo, kinatoka kwa maelfu na kinaingia kwenye ngozi ya mtu aliyetia mguu majini bila hata kuhisi. Wenye mikia mitatu hawana kazi yoyote kwenye mzunguko huo. Tena kuna jambo la kufurahisha kidogo hapa, huyo konokono naye anakula kile kile wanachokula wadudu wako, kwa hiyo ni mshindani wao. Hilo nitalirudia nikifika kwenye ile dawa ya shemeji.

Haya, wanagombania nini. Pitisha kidole juu ya jiwe lililokaa majini siku nyingi, utahisi utelezi. Huo utelezi ndo chakula chenyewe. Ukiutia chini ya mikroskopu si uchafu, ni msitu mzima, mimea midogo sana ya seli moja moja inayoitwa diatomu yenye magamba ya kioo, nyuzi za kijani, bakteria, kuvu, vipande vya majani yaliyooza. Jua likipiga unakua, kivuli kikiwa kizito unakuwa mwembamba. Ndo maana ukienda ndani ya msitu wa Ngezi kule Konde ambako miti imefunika juu, chakula kikubwa cha viumbe wa maji ni majani yanayoanguka na yanayokatwa katwa na kaa na kamba wa mtoni, ila kwenu pale pa kuvukia pamekatwa miti, jua linaingia, mawe yamejaa utelezi na kila mlaji anataka sehemu yake. Na juu ya jiwe nafasi haizidi. Pemba mito yetu mingi chini ni mchanga na udongo, mawe ni machache, kwa hiyo marehemu babu yako bila kujua kawajengea mji. Hapo mahali ndo penye bei.

Sasa kila mmoja ana njia yake ya kula. Mwenye mikia mitatu ni mtembezi. Anakwangua kidogo hapa, anasogea, anakwangua pale. Na hatembei ovyo, hili lilichunguzwa vizuri sana Marekani na mtafiti anaitwa Steven Kohler, aliwaangalia wa jamii ya Baetis, ndugu wa hao wako wa mikia mitatu, wakitoka kwenye kipande chenye chakula na kuingia kwenye kipande kitupu. Wakitoka mahali palipokuwa na chakula kingi hawaondoki moja kwa moja, wanapunguza mwendo, wanakata kona kali, wanazunguka zunguka pale pale karibu, kwa kuwa chakula cha kwenye jiwe kimekaa viraka viraka na palipo na kiraka kimoja aghlabu chengine hakipo mbali. Wakitoka mahali pa njaa wananyoosha moja kwa moja na kwenda zao. Na njaa ikizidi wanafanya jambo kubwa zaidi, wanajiachia. Wanaliachia lile jiwe makusudi, maji yanawabeba, wanakwenda kujaribu bahati mita kadhaa chini. Huyo uliyemuona anachukuliwa na maji baada ya kung'atwa, usimlilie sana, kuna uwezekano mkubwa alishashika jiwe la chini yake dakika ile ile.

Umesema pia kwamba wanakimbia mbio na kwamba unawakuta chini ya jiwe, hapo si njaa tena, ni khofu. Samaki anawinda kwa macho. Mdudu akipanda juu ya jiwe mchana kula utelezi mzuri wa juani anaonekana, kwa hiyo anavumilia huko chini kwenye chakula haba mpaka giza liingie ndo apande. Mtafiti Alexander Flecker alikwenda milima ya Andes akakuta kwenye mito yenye samaki wanaokula wadudu wanaopita na maji, wadudu wanajiachia usiku, na kwenye mito isiyokuwa na samaki hao haijalishi, mchana na usiku sawa tu. Na kuna jaribio jengine napenda sana kulisimulia, Barbara Peckarsky na wenzake kule Colorado waliwachukua wadudu wawindaji wakawagandisha midomo kwa gundi, hawawezi kumla mdudu yeyote, wakawaachia pamoja na wale wa jamii ya Baetis. Hakuna aliyeliwa. Lakini wakakua wadogo zaidi na mayai yao yakawa machache, kwa khofu tu, mana muda wa kula uliisha kwa kukimbia. Kwa hiyo unapogeuza jiwe na vidudu vinatawanyika, hiyo ni mbio ya roho, na huyo mdudu ameigharimia kwa chakula chake cha siku. Ukishaangalia rudisha jiwe kama lilivyokuwa, tafadhali.

Wenye vijumba mambo yao mengine. Nyumba inawakinga na samaki na wawindaji wadogo, kwa hiyo wao wanaweza kula mchana juu ya jiwe kweupe, ila nyumba ni mzigo, mwenye kuibeba anasogea kidogo kidogo na mwenye kuigandisha hasogei kabisa. Kwa sababu hiyo anakula mahali alipo mpaka chini kabisa. Ushaona mbuzi aliyefungwa kamba uwanjani, majani yanavyokwisha duara kulingana na urefu wa kamba, nje ya duara majani yamesimama? Kuna mmoja wa Amerika anaitwa Leucotrichia, kijumba chake amekigandisha kwenye jiwe, anatoa kichwa na kifua, anakwangua mpaka pale anapofika, na akija mgeni ndani ya eneo lake anamkamata na kumtupa. Hapo chakula hakijaisha bado, bali mwenye nyumba hataki mtu kwenye shamba lake. Hizo ni njia mbili tofauti za kushindana na ni vizuri uzitenganishe kichwani: moja ni kumaliza chakula kabla mwenzio hajafika, hakuna ugomvi wala kelele, anakuja anakuta patupu. Ya pili ni kumzuia asifike.

Jiwe lako jeupe lina dalili zote mbili, lakini nadhani ya kwanza ndo kubwa. Utelezi umekwanguliwa mpaka umekuwa mwembamba kiasi ambacho mwenye vijumba anaweza kuishi nao kwa sababu hatembei sana na hatumii nguvu nyingi, na mwenye mikia mitatu hawezi. Haya si mawazo yangu tu. Kule Michigan, Marekani, kuna mito ambayo ilitawaliwa miaka mingi na mjenga kijumba mmoja anaitwa Glossosoma, kijumba chake cha changarawe kimeinuka kama gamba la kobe, na mawe yalikuwa meupe kama hilo la kwako. Ikaja maradhi, kijidudu kidogo sana kinachoingia ndani ya mwili wake, Glossosoma wakafa kwa wingi mto baada ya mto. Kohler na Michael Wiley wakawa wanapima, matokeo wakayatoa mwaka 1997: utelezi ukapanda, na wadudu wengi wengine wanaokula utelezi huo wakaongezeka, hata baadhi ya wale wanaochuja chakula kwenye maji. Yani huyo mdogo wa changarawe peke yake alikuwa amewakalia wenzake mto mzima, na hakuna aliyejua ukubwa wake mpaka alipoondoka. Mimi mpaka leo nikieleza kisa hichi nastaajabu.

Na wenye utando? Hao hawakwangui jiwe, hao ni wavuvi. Utando ule ni wavu, ameusuka kwa hariri inayotoka mdomoni, ameuelekeza kwenye mkondo, maji yanapita na yeye anaokota kilichonasa, chembe za majani, diatomu zilizong'oka, wakati mwengine mdudu mdogo mzima. Mahali pazuri pa kutega ni pachache, panataka mkondo usiokuwa mdogo wala mkali kupita kiasi na mpasuko wa kushikia, na kuusuka wavu ni gharama, kwa hiyo mwenyewe yupo tayari kuupigania na mwengine yupo tayari kuunyang'anya. Ulichokiona wewe ni hicho. Mara nyingi mkubwa anashinda mdogo, na wakilingana mwenye nyumba ana nafasi zaidi ya mgeni. Na baadhi ya wavuvi hao, wa jamii ya Hydropsyche, wanapiga kelele, kweli kabisa, anasugua mguu wa mbele kwenye mistari iliyopo chini ya kichwa chake ikatoka sauti majini ya kumtisha mgeni aondoke bila ya kung'atana. Masikio yetu hayasikii ukiwa umekaa ukingoni, watafiti walitumia maikrofoni za majini.

Lakini nisikudanganye, kukuta jiwe moja lina watu na jengine halina haitoshi kusema ni ushindani. Jiwe lako la katikati ni kubwa na lipo kwenye mkondo. Huenda wenye mikia mitatu hawalitaki kwa sababu maji ni makali pale, au chini yake hakuna uwazi wa kujificha kwa vile limekaa limezama kwenye mchanga, na wenye nyumba wanalipenda kwa sababu halihami. Hilo la kuhama ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Masika ikipiga, mawe madogo yanabingirika, vijumba vinasagika, utelezi unakwanguliwa, kila kitu kinaanza moja. Anayewahi kufika baada ya mvua ni mtembezi, mwenye mikia mitatu, anakuja na maji siku hiyo hiyo. Mjenzi anachelewa, lakini akipata miezi ya utulivu anajaza jiwe. Kwa hiyo mawe yanayogeuka geuka ni ya watembezi na mawe yaliyotulia ni ya wajenzi, na mto wenye mchanganyiko wa mawe hayo unawabeba wote. Wakati wa kaskazi maji yanapopungua ndo ugomvi unakuwa mkubwa kuliko wakati wote, mana mawe mengine yanabaki nje yamekauka na wote wanasongamana yaliyobaki.

Ukitaka kujua kwa hakika unaweza kupima mwenyewe, haitaki pesa. Tafuta mawe mawili yanayolingana yenye vijumba, yapo sehemu moja, jua moja na mkondo mmoja. Moja liondoshe vijumba vyote kwa upole na kipande cha kijiti, usisugue jiwe lenyewe, la pili liache kama lilivyo ila nalo lishike na kulirudisha ili yote mawili yawe yameguswa. Kisha kila baada ya siku chache yapapase na uhesabu wenye mikia. Ikiwa la kwanza linarudisha utelezi na watembezi wanahamia na la pili linabaki jeupe, basi jawabu lako ni ushindani. Ikiwa yote mawili hayana mtu, ni mkondo au maficho. Piga picha kwa simu usitegemee kumbukumbu. Lakini sharti moja, usifanye kwa miguu mitupu. Vaa mabuti ya mvua na glavu za mpira, nenda asubuhi mapema, mana vijidudu vya kichocho cha mkojo vinatoka kwa konokono kwa wingi zaidi jua likiwa kali, kuanzia saa nne mpaka adhuhuri na baada yake kidogo. Watoto wasikusaidie kazi hii.

Sasa turudi kwenye dawa. Dawa nyingi za mboga zinazouzwa madukani zina kemikali za jamii ya pairethroidi, na hizo kwa wadudu wa majini, kamba na samaki ni sumu kali mno, kiasi kidogo kinatosha. Ukiimwaga juu, itawaua kwanza wale wenye matamvua, mana wanavuta maji yote hayo mwilini. Konokono ndo atakayebaki, dawa ya wadudu haimfanyi sana. Utelezi utakua bila mlaji, konokono atakula peke yake, na wawindaji waliokuwa wakimpunguza, kama vile kunguni wa maji anayenyonya konokono wadogo, watakuwa wamekufa. Watoto wa kereng'ende wanaokula viluwiluwi vya mbu pembeni mwa mto nao wamekufa. Mbu anarudi baada ya siku chache tu, anaruka anataga, mwindaji wake anachukua miezi. Yani shemeji atakuwa ameondosha adui wa mbu na mshindani wa konokono kwa mkupuo mmoja, halafu maji yale yanateremka kwenye mpunga wa watu, kwenye kisima cha pembeni, na mwisho kwenye mikoko ambako watu wanatafuta kaa. Na mafuta ya taa kama atayataja, hayo yanafanya kazi kwenye maji yaliyosimama kwa kumziba pumzi kiluwiluwi, kwenye mto yanakwenda na maji na yananukisha maji ya kunywa ya walioko chini, hamna faida.

Kuna dawa ya konokono, niklosamaidi, na hiyo nayo inaua samaki na vyura, kwa hiyo wanaitia watu waliofundishwa, kwa kipimo, baada ya kuhakikisha konokono wapo. Mradi wa kutokomeza kichocho Zanzibar ulioanza 2011 uliitumia baadhi ya sehemu Unguja na Pemba, pamoja na kugawa praziquantel, vidonge vya kutibu kichocho, na kufundisha watu tabia. Si kitu cha kununua na kumwaga mwenyewe.

Kilichobaki ni cha kwenu pale pa kuvukia. Angalia konokono sehemu zilizotulia zenye majani, si kwenye mkondo. Kwa kijiti au koleo, usitumie mkono, mweke ncha ya gamba juu na mdomo wa gamba ukikuelekea wewe. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto mtilie shaka, Bulinus yupo hivyo, ingawa wapo na wengine wa kushoto wasiobeba ugonjwa, kwa hiyo atizamwe na anayewajua. Kufulia, tekeni maji kwa ndoo mfulie juu pakavu na maji ya sabuni yamwagike kwenye majani mbali na ukingo, hapo utakuwa umewaokoa wadudu na sabuni ya unga na umejiokoa mwenyewe na kusimama majini saa nzima. Choo kiwe karibu na pale ili mtoto asikojoe mtoni, hili ndilo linalokata mnyororo kweli kweli. Na kuoga pale, ndugu yangu, najua watoto watalia, lakini mpaka mpate uhakika wasioge.

Watoto wapeleke kituo cha afya wakapimwe mkojo hata kama hawaumwi, mana wamekuwa wakioga hapo muda mrefu. Na kama kuna anayekojoa damu, khasa ile ya matone ya mwisho, au anaumwa anapokojoa, au mtoto wa kike au mama ana maumivu ya chini yasiyoisha au damu isiyokuwa ya siku zake, asisubiri, aende wiki hii hii. Praziquantel inatibu vizuri, ila ukirudi kwenye maji yale yale unaambukizwa tena. Waambie na kituo kwamba pale mna mahali pa kufulia na kuogea ili wawasiliane na wanaoshughulikia kichocho, Pemba tuna maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake, wamefanya kazi ya ugonjwa huu kwa miaka mingi.

Na siku ukikuta kamba na samaki wanaelea au vile vidudu vyote vimekufa kwa wakati mmoja, jueni mtu katia sumu juu, simamisheni kutumia maji hayo hapo hapo, mtoeni mtoto yeyote aliyemo, na mpeleke habari kwa sheha siku ile ile ili wa chini nao waambiwe. Shemeji kwa upande wake dawa yake aitumie kwenye mboga kwa kipimo cha kwenye chupa, asipulize karibu na ukingo, na lile bomba la kupulizia asilisuuze mtoni hata mara moja.